Kinuyo na chai chungu ya kiangazi

Saa mbili na nusu asubuhi, jua la mwisho wa Julai limeshayachoma mabati ya kiwanda cha chai cha Hinokizawa. Ndani, Katahira Kinuyo anapeleka mkono kwenye mdomo wa pipa la mvuke, anatoa majani ya kujaza kiganja na kuyaleta puani.

"Bado," anasema.

Anasogeza kishikio kidogo kupunguza mwendo. Pipa linaendelea kuzunguka. Majani mabichi yanaingia upande mmoja, yanapinduka ndani ya mvuke, yanatokea upande wa pili yakiwa yamelegea na kung'aa. Safari nzima haifiki dakika moja. Miwani ya Kinuyo imejaa ukungu, naye hajali, kwa sababu kazi hii haifanywi kwa macho. Anapeleka mkono tena, ananusa, anafinya jani kwa dole gumba.

"Haya, yaende!"

Upande wa pili wa banda anasimama Shirai Genzo, mwenye miaka sabini na moja, mwangalizi wa mashine za kusokota na kukaushia.

"Leo unayanusa kama unayachumbia," anamtania.

"Kaka Gen, leo nikikosea hapa, na wewe utakwenda mjini kupanga vipande vya samaki kwenye vibweta vya chakula."

"Kwa mgongo huu? Watanipanga mimi kwenye kibweta."

Wanacheka, lakini si kwa muda mrefu. Mashine zimewashwa kwa siku moja tu, tena kwa kuombwa. Saa nane mchana anatarajiwa Amano Chisato, mtaalamu wa lishe anayesimamia jiko la shule kumi na moja za bondeni. Anakuja kuchukua chai ya kupimwa maabara, na hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza chai ya Hinokizawa ilianguka.

Ikianguka tena, majani ya kiangazi na ya vuli yatakatwa na kuachwa chini yaoze. Kazi ya Kinuyo, ambayo zamani ilichukua miezi mitano ya mwaka, itabaki ya wiki tatu.

Majani ya kwanza ya mwaka, yale laini ya mwisho wa Aprili, hayana shida ya soko. Ni matamu, ndiyo ya wageni na zawadi, na ushirika huyauza yakiwa makavu kwa yeni elfu mbili hivi kwa kilo. Ya kiangazi ni mengine. Yamekomaa juani, ni mapana, magumu na machungu. Mwaka jana wafanyabiashara walitoa yeni mia tatu na hamsini.

"Bei hiyo hailipi hata mafuta ya kuchemshia maji ya mvuke," anasema mwenyekiti wa ushirika, Osada Torao. "Sisemi kwa ubaya. Ninapenda pipa lizunguke kama wengine wanavyopenda."

Kinuyo hulipwa yeni elfu moja na mia moja kwa saa, pale tu pipa linapozunguka. Wanawake wanne waliokuwa wakifanya kazi naye sasa hupanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda mjini, kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungashwa. Wamemwita mara nyingi. Nafasi ipo, na malipo ni ya mwaka mzima.

Hataki kusikia.

"Kule unavaa barakoa mbili na chumba kizima kinanuka dawa ya kusafishia," anasema. "Mimi pua ndiyo kazi yangu. Nikikaa kule miaka miwili nitarudi hapa sijui jani lililoiva wala lisiloiva. Na mwingine wa kunishika mkono anifundishe upya hayupo. Aliyenifundisha ana miaka themanini na tisa."

Kinuyo ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa Yaizu, kwenye bandari ya jodari, na alipoolewa Hinokizawa miaka thelathini na mitatu iliyopita, kitu pekee alichojua kunusa ni samaki. Mama mkwe wake, Tome, ndiye aliyekuwa akishika pipa la mvuke siku hizo.

Anakumbuka wiki ya kwanza. Alipewa kapu la majani alipeleke kiwandani, naye akaliweka chini ya mti, akaenda kula matonge yake ya wali. Aliporudi, majani ya katikati yalikuwa yamepata joto kama mgonjwa wa homa, na kingo zake zimeanza kuwa nyekundu.

"Nikafikiri kuna mtu amenimwagia kitu. Mama akaja, akazamisha mkono kapuni, akaniambia, 'Umeyaua.' Nililia, tena nililia chooni ili asinione."

Tome hakuishia hapo. Alichukua biringanya moja, akaikata katikati na kuiweka mbele ya mkwewe mpya.

"Itazame," alimwambia. "Usiondoke. Itazame tu."

Haikupita muda biringanya ikaanza kuingia weusi.

"Umeona? Hewa inaila. Na jani ni vivyo hivyo. Ukishalichuma, hewa inaanza kulila. Mvuke ndio unaolikomesha. Ukichelewa hakuna chai ya kijani tena. Hata ukilia."

Miaka mingi baadaye, kwenye semina katika ukumbi wa kijiji, Kinuyo alisikia jina la kile ambacho hewa hukitafuta ndani ya jani. Kinaitwa katekini. Ni kemikali za mmea zenye tabia ya kuzuia oksidishaji, yaani ule uharibifu unaoletwa na oksijeni, uwe wa biringanya iliyokatwa, wa chuma kinachoshika kutu au wa chembe za mwili wa binadamu. Katika chai nyeusi majani huachwa yageuke, na sehemu kubwa ya katekini hubadilika kuwa kitu kingine. Katika chai ya kijani mvuke huwahi, zikabaki.

"Mimi nilielewa hivi," anasema Kinuyo. "Zinatangulia mbele ziliwe zenyewe, ili vingine vipone. Nilipoelewa hivyo niliipenda zaidi kazi yangu. Kumbe sekunde zangu arobaini za mvuke zina maana."

Watafiti wengi wameona kwamba watu wanaokunywa chai ya kijani kila siku mara nyingi wana mioyo na mishipa yenye afya kuliko wasiokunywa. Bado wanabishana ni chai yenyewe, au pia ni ule ulaji na mwenendo wa wale wanaoinywa. Kinuyo anaujua ubishi huo na haumnyimi raha. Anajua pia kwamba kitu hiki kina mipaka. Alipokuwa na miaka arobaini alianza kupata kizunguzungu, daktari akamkuta na upungufu wa damu, akamuuliza anakunywa chai saa ngapi. Alikuwa akinywa siku nzima, na zaidi wakati wa kula.

"Akaniambia chai inazuia mwili usinyonye madini ya chuma ya kwenye chakula. Tangu siku hiyo nakula kwanza, napumzika, ndipo nakunywa. Kizunguzungu kikaisha. Chai sikuiacha."

Mwezi wa tatu mwaka huu, mfanyabiashara aliyekuwa akizipelekea chai zile shule kumi na moja alifunga duka kwa uzee. Watoto wa huku hunywa chai shuleni, na wakati wa baridi husukutua koo kwa chai kila wanapoingia kutoka uwanjani. Amano akaanza kutafuta chai nyingine. Masharti yake yalikuwa mafupi. Itoke kwenye milima hii, isiwe ghali, na ikishapikwa iwe na katekini zisizopungua miligramu arobaini katika kila mililita mia, kama ile ya awali.

Barua ikasomwa kwenye mkutano wa ushirika. Wanaume wakaangaliana. Chai ya machipuko, ile ya Aprili, isingewezekana kwa sharti la bei.

Ndipo Kinuyo akanyoosha mkono. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amehudhuria mikutano hiyo kwa kumimina chai na kukusanya vikombe.

"Majani ya kiangazi," alisema, na wote wakamgeukia. Akaanza upya. "Majani ya kiangazi yamekaa juani. Utamu yanao kidogo, lakini katekini yanazo nyingi kuliko ya Aprili. Tunayatupa, na hicho wanachokitaka ndicho kilichomo."

"Nani kakwambia?" aliuliza mtu.

"Semina. Ile mliyoondoka kwenda kutazama mpira."

Genzo anasema ukumbi uliangua kicheko, na mwenyekiti akaandika barua ya kukubali siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa Juni, baada ya mchumo wa pili, Amano alipanda mlimani kwa mara ya kwanza. Alikuwa na chupa ya maabara na maelekezo mepesi. Wapike chai yao kama wanavyoipika, aijaze chupa, aende zake.

Kinuyo alifagia ofisi mara mbili. Alitoa birika dogo la udongo alilopewa siku ya harusi yake, lile lenye mkono wa pembeni, pamoja na vikombe vyembamba na visahani vyake. Alichemsha maji. Kisha akafanya anachofanya kila mwanamke wa milima hii tangu siku anapoweza kubeba sinia bila kulimwaga. Aliyamimina maji kwenye bakuli yapoe, akayahamishia bakuli la pili yapoe zaidi, akangoja mpaka mvuke ukawa uzi mwembamba, ndipo akayatia kwenye majani. Mgeni hachomwi ulimi. Akamimina kidogo kidogo, kikombe hiki na kile, mpaka tone la mwisho.

Amano alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alisifu ulaini wake. Akajaza chupa yake, akashukuru, wakainamiana mlangoni mara tatu, akateremka.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Osada aliyasoma mbele ya watu wote.

"Ishirini na sita," alisema. Akaiweka karatasi mezani na kuipiga pasi kwa kiganja. "Kinuyo, dada yangu, tumejaribu."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Kinuyo. "Si kwa sababu ya kushindwa tu. Nilikuwa nimesema mbele za watu."

Mashine zikasafishwa na kufunikwa maturubai.

Nyumbani, mchana wa siku iliyofuata, alikaa jikoni na gunia dogo la chai ile ile. Alipoza maji vile vile, akapika vile vile, akaonja. Ilikuwa laini, nyepesi, haina kasoro ya kuionea haya. Akampelekea mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa dirishani akimenya maharage, na pembeni yake lipo birika lake kubwa la alumini ambalo huchemka kutwa nzima.

"Mama, hebu onja hii."

Tome alionja. Akatazama ndani ya kikombe, kisha akamtazama mkwewe.

"Haya maji ya kusuuzia vyombo umeniletea ya nini?"

"Ni chai, mama. Ni ile ile ya kwenye birika lako."

"Ile ile?"

"Gunia moja."

"Gunia moja, sawa. Lakini hii umempikia mgeni." Tome alikisukuma kikombe mbali. "Mimi si mgeni. Nipe chai."

Kinuyo alibaki amesimama na sinia mkononi. Birika la alumini lilikuwa likitokota. Alijimiminia humo, akanywa, na uchungu ukamkamata pande zote za ulimi.

Maji ya uvuguvugu huvuta utamu wa jani na kuuacha uchungu wake nyuma. Hilo wanalijua wote huku. Ndiyo sababu ya kuyapoza. Na sehemu kubwa ya uchungu ule ni katekini zenyewe. Nyumbani hakuna mtu wa Hinokizawa anayepoza maji kwa ajili ya majani ya kiangazi. Huchemshwa, hunywewa kwa vikombe vizito, hupelekwa shambani kwenye chupa. Lakini alipoingia mgeni mwenye mkoba na kadi ya jina, mikono yake Kinuyo ilijiendea yenyewe.

"Nilimpa mgeni adabu," anasema, "chai nikaiacha kwenye majani."

Asubuhi yake alimpigia simu Amano. Alikuwa ameyaandika maneno kwenye karatasi ili asije akakwama. Hakufika mstari wa tatu.

"Ngoja, dada Kinuyo," Amano alimkatiza. "Uliyapoza?"

"Mara mbili."

Kwenye simu ikatoka sauti ya mtu anayejizuia kucheka na kushindwa.

"Na mimi nilikuwa pale! Nilikuona. Nimelelewa na bibi, nikiona maji yanapozwa najua nimeheshimiwa. Nikapokea kikombe changu kwa mikono miwili, nikasahau kilichonipeleka. Sufuria la jikoni kwetu linabeba lita mia moja, dada. Nani atalipoza?"

Amano aliomba kwa wakubwa wake ruhusa ya kipimo cha pili na akaipata. Osada alikubali kuwasha mashine, lakini kwa siku moja na kwa majani ya miteremko miwili tu.

Na siku yenyewe ndiyo hii. Kufikia saa saba mchana majani ya asubuhi yameshasokotwa na kukauka. Kinuyo anavua aproni iliyolowa, ananawa uso, anaingia ofisini na jiko la gesi mkono mmoja na sufuria la chuma mkono mwingine. Analiweka jiko katikati ya meza.

Osada, aliyevaa tai kwa ajili ya mgeni, ameshaandaa sinia. Juu yake kuna lile birika dogo la udongo.

Saa nane kasorobo maji yanatokota. Kinuyo anamwaga majani humo, na ofisi nzima inajaa harufu ya nyasi zilizopigwa na jua. Gari linasikika nje.

"Kinuyo," Osada anamnong'oneza, "yanachemka."

"Naona, Mwenyekiti."

"Yanachemka na mgeni anaingia."

"Ndivyo nataka. Ayaone."

"Basi angalau tumia vikombe vizuri. Hivyo ni vya wachumaji, kimoja kimepasuka mdomo."

"Hicho kilichopasuka nitanywea mimi."

Genzo anachungulia mlangoni. "Mwenyekiti, ukiona haya geuka uangalie ukutani. Tutakuita ikiisha."

Amano anaingia, anainama, anakaribishwa kiti. Sufuria linatokota dakika tano kamili kwa saa ya mkononi ya Kinuyo, na dakika tano hizo ni ndefu kwa mwenyekiti. Anafuta jasho, anarekebisha tai, anafuta tena. Kisha Kinuyo anachota kwa upawa, anachuja, anaweka kikombe mbele ya mgeni. Ni cha moto kiasi kwamba Amano anajaribu kukishika kwa mikono miwili na kukiachia. Anakipuliza, anakunywa.

Uso wake unajikunja wote, kuanzia paji hadi kidevu.

Osada anasimama. "Bi. Amano, tusamehe sana, hatukukusudia..."

"Chungu," anasema Amano.

"Ndiyo," anajibu Kinuyo.

"Chungu sana!"

"Ndiyo. Usimeze kitu kingine kwanza. Ngoja kidogo."

Wanangoja. Amano anatazama dari, anapitisha ulimi kwenye meno yake. Uso unaanza kufunguka polepole.

"Eeh," anasema. "Mdomo umekuwa mwepesi. Kama nimetoka kuoga."

Anasogeza kikombe aongezewe, kisha anafungua mkoba na kutoa chupa ya maabara. Kinuyo anaijaza moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

Kabla ya kuondoka Amano anaeleza atakavyoitumia ikifaulu. Watoto wakubwa watainywa nusu saa baada ya mlo na si pamoja na chakula, kwa sababu ile ile aliyoitaja daktari wa Kinuyo. Ya wadogo itachanganywa na maji, na wakati wa baridi wote wataisukutulia koo.

"Watakunja uso," Osada anaonya.

"Siku tatu za kwanza," anasema Amano. "Siku ya nne watashindana nani hakunji."

Majibu yalifika siku tisa baadaye, kwa barua. Osada hakungoja mkutano. Alipiga simu nyumbani kwa Katahira, na Tome ndiye aliyepokea.

"Mwambie mkweo ni sabini na moja!"

"Sabini na moja ni nini? Umri wa Genzo?"

"Mama Tome, mpe simu Kinuyo!"

Mkataba umeshasainiwa. Ni wa mwaka mmoja kwa kuanzia, shule zote kumi na moja, kwa yeni mia sita kwa kilo ya chai kavu ya kiangazi na ya vuli. Hautamtajirisha mtu. Lakini pipa la mvuke litazunguka mpaka katikati ya Oktoba, na wawili kati ya wale wanawake wanne wa basi la alfajiri wameuliza kama kuna nafasi. Genzo anasema mgongo wake umesalimika, ingawa anaulalamikia kama kawaida.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya mifuko. Osada, aliyepata moto baada ya kuona namba, alitaka maandishi makubwa mbele.

"Tuandike inazuia saratani," alipendekeza. "Nimeona wengine wanaandika."

"Hapana, Mwenyekiti," alisema Kinuyo.

"Kwani katekini si zimo? Karatasi hii hapa."

"Karatasi inasema zimo kwenye chai. Haisemi zitamfanya nini mtoto wa mtu. Mama anakunywa chai hii tangu utotoni, na presha anayo, na magoti yanamuuma."

"Ana miaka themanini na tisa!"

"Basi muulize yeye kama ni chai au ni ukaidi."

Hata Osada alicheka. Akauliza waandike nini sasa.

"Tuandike kilichomo, kiasi gani, na inapikwaje. Anayeinywa atajua mwenyewe."

Mifuko ndivyo ilivyochapwa. Nyuma kuna mistari michache aliyoitunga Kinuyo, na namba ya maabara imewekwa kwa herufi za kawaida.

Sasa anajiandaa kwa jambo linalomtia hofu kuliko kipimo chochote. Siku ya kwanza ya Septemba, shule zikifunguliwa, Amano amemwalika jikoni awaonyeshe wapishi kumi na wanane namna ya kuipika chai ya Hinokizawa. Wengi wao ni wanawake wa rika lake, waliofunzwa na mama zao kupoza maji kama alivyofunzwa yeye. Anajua mikono yao itataka kufanya nini pindi watakapowaona watoto wamejipanga mlangoni.

Ana mpango mwingine wa baadaye, wa kumfundisha mmoja wa wale wanaorudi kunusa mvuke, msimu huu huu wa vuli, wakati Tome bado ana nguvu za kuwakaripia wote wawili. Lakini kwanza ni hili la Septemba. Hajawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo akiwa peke yake, na amekuwa akifanya mazoezi ya hotuba kiwandani, mbele ya Genzo, ambaye hupiga makofi hata mahali pasipostahili.

"Mwanzoni ilikuwa kurasa mbili," anasema Kinuyo. "Nikaweka biringanya, nikaweka katekini, nikaweka mpaka Yaizu. Nikaona nitalia katikati. Nimeipunguza."

Anatoa karatasi mfukoni mwa aproni, lakini haifungui. Maneno yameshamkaa kichwani.

"Nitawaambia, tieni majani, acheni yachemke dakika tano, msiyaonee haya. Mkionja mkakunja uso, mmepatia. Halafu nitakaa chini."